Mzee kavutwa uboho sindano ikatoka tupu, sasa wanataka kukata kipande cha mfupa. Hii ni kawaida?

#1 Kipepeo wa Juu
Wakuu habari. Nahitaji msaada wa mawazo, wenye uzoefu au waliosomea haya mambo karibuni sana.

Mzee wangu ana miaka 60 na ushee. Damu imekuwa ikimshuka muda mrefu, akiongezewa inakaa wiki chache inashuka tena, chembe sahani nazo ziko chini, chembe nyeupe chini, bandama limevimba mpaka shati linakaa upande. Daktari wa damu akasema hapa lazima tuchukue uboho kwenye mfupa wa nyonga tuuangalie, ndo tutajua ni saratani ya damu au kitu kingine. Basi akalazwa ubavu, ganzi ikapigwa, sindano ikaingia, wakavuta, hakuna kitu. Wakaizungusha wakavuta tena, hakuna. Wakahamia pembeni kidogo, vitone vya damu basi. Kwenye karatasi wameandika mvuto mkavu, na sasa wanataka arudi wakate kipande cha mfupa chenyewe.

Sasa mtu anakosaje uboho jamani na bado anatembea? Aliyechoma alikuwa kijana mdogo kabisa, inawezekana hakujua anachofanya? Na kwani damu ya mkononi haitoshi mpaka watoboe mfupa? Mzee kagoma kurudi, anasema wametafuta hawajaona, watafute nini tena.

#2 Bwana Mashaka
Umeshajijibu mwenyewe, "kijana mdogo kabisa". Huyo kachoma nyama akavuta nyama. Dai bingwa mwenyewe ashike sindano, kesi imeisha.

#3 Nyuki Dume
Siti ya mbele, nafuatilia.

#4 Fundi Slaidi
Pole kwa mzee. Mimi niko maabara, hizo slaidi za uboho ndo zinanilisha.

Mvuto mkavu hauna maana kwamba hana uboho. Uboho upo ila hauvutiki, na hapo kuna sababu kadhaa. Kuna ugonjwa unaojaza nyuzi ndani ya mfupa, mayelofibrosisi, seli zinakamatwa humo kama samaki kwenye wavu, ukivuta hazitoki. Kuna lukemia, yaani saratani za damu, ambazo seli zimeshonana mle ndani hakuna hata nafasi ya majimaji. Kuna lukemia ya seli zenye nywele, hiyo ni maarufu kwa kugoma kuvutika. Kuna saratani iliyotoka kwingine, titi au tezi dume, ikahamia mfupani. Na mwisho ndo hiyo ya Bwana Mashaka, kwamba sindano haikukaa sawa. Ipo, sikatai, lakini kwa mtu mwenye bandama kubwa na damu inayoshuka mimi siikimbilii hiyo kwanza.

Kwa maelezo yako kichwa changu kinaenda kwenye mayelofibrosisi. Hebu angalia karatasi ya damu yake ya kawaida, je wameandika chembe nyekundu zenye umbo la chozi?

#5 Tabibu wa Zamu
Fundi yuko sawa kwa sehemu kubwa ila tusimpe mtu ugonjwa hapa jukwaani. Nyongeza moja tu, Kipepeo umesema chembe nyeupe nazo ziko chini. Mwanaume wa miaka 60 hivi, aina zote tatu za chembe zimeshuka, bandama kubwa, mvuto mkavu, hiyo picha inafanana pia na lukemia ya seli zenye nywele. Angalia hesabu ya monosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, kama iko chini sana karibu na sifuri hapo mimi naegemea huko. Si ugonjwa wa kuogopa kama jina lake, una dawa inayoitwa kladribini na wengi wanakaa vizuri miaka mingi.

Yote mawili yanahitaji kipande. Kwa hiyo kipande kisikwepwe.

#6 Kipepeo wa Juu
Asante sana @Fundi @Tabibu. Karatasi imeandikwa umbo la chozi "chache" na monosaiti 0.1. Sasa hapo nimwamini nani?

#7 Bwana Mashaka
Hahaha madaktari wawili magonjwa mawili. Na mimi wa tatu nasema sindano.

#8 Mama Pili
Mwanangu Kipepeo pole, najua unavyojisikia. Binti yangu alipatikana na lukemia kali ya limfu akiwa mdogo, yeye alilazwa usingizi kabisa kwa hiyo hakuhisi. Daktari akatoka akaniambia uboho umetoka kwa shida sana, akavuta na kuvuta akapata kidogo mno, nikadhani wameshindwa kazi. Kumbe ilikuwa imejaa seli za ugonjwa mpaka hakuna kinachopita. Hata hicho kidogo kilitosha wakajua aina yake na wakaanza dawa. Sasa hivi yuko shule anagombana na wadogo zake. Kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ya mkavu.

#9 Kisiki
MSIKUBALI!!! Hiyo ni sindano ya uti wa mgongo, nina jirani alichomwa akapooza miguu. Wanawafanyia watu majaribio. Mtafutie dawa za asili za kuongeza damu mapema.

#10 Fundi Slaidi
@Kisiki hapana mkuu, unachanganya vitu viwili. Maji ya uti wa mgongo yanachukuliwa katikati ya pingili za kiunoni. Uboho unachukuliwa kwenye ukingo wa nyuma wa mfupa wa nyonga, pale penye vishimo viwili juu ya makalio, ukijipapasa unaukuta mfupa uko juujuu. Uti wa mgongo haupo pale kabisa. Watu wanachanganya kwa sababu mkao ni uleule, unalala ubavu umekunja magoti, na wagonjwa wa lukemia kama binti wa Mama Pili mara nyingi wanafanyiwa vyote viwili.

#11 Mama Pili
Ndiyo, wangu walimfanyia vyote siku moja wakati amelala.

#12 Kisiki
Sawa lakini jirani kapooza.

#13 Bwana Mashaka
Kwa hiyo jirani alichomwa wapi sasa, nyonga au uti? Leta maelezo kamili au kaa kimya watu wana wagonjwa hapa.

Turudi kwenye swali la 3 la mleta uzi ambalo wataalamu mmelikwepa. Damu si inatengenezwa huko huko kwenye uboho? Kama kuna seli mbaya zitatoka kwenye damu, chukua mkononi, pima, maliza. Kutoboa mfupa ni kutaka sifa tu.

#14 Tabibu wa Zamu
Kuna magonjwa ambayo uko sahihi kabisa na hata sisi hatutoboi. Lukemia sugu ya limfu, ukikuta seli B (aina ya chembe nyeupe) za aina moja 5,000 au zaidi kwenye mikrolita moja ya damu na zikakaa hivyo miezi 3, umemaliza, damu ya mkononi imetosha. Hodgkin, aina ya limfoma yaani saratani ya tezi za limfu, zamani tulikuwa tunakata vipande vya nyonga kila mgonjwa, tangu makubaliano ya wataalamu ya Lugano ya 2014 ukishafanya skani ya PET, picha inayoonyesha ugonjwa ulipo mwilini, huhitaji. Na lukemia sugu ya mayeloidi, ile ya kromosomu ya Philadelphia, unaipima kwenye damu.

Shida ni kwamba magonjwa mengine seli mbaya hazitoki mpaka mwisho mwisho. Mayeloma ndo mfano mkubwa, ni saratani ya seli za plazima, nazo zinakaa mfupani, kwenye damu unaweza usione hata moja, na ili umwite mtu ana mayeloma unatakiwa uzikute 10% au zaidi kwenye uboho, au uvimbe wake uliothibitishwa. Utazihesabuje mkononi?

#15 Daktari Mdogo
Tabibu naomba nikurekebishe hapo kwenye Philadelphia. Kugundua ndiyo, damu inatosha. Lakini mwanzoni uboho bado unachukuliwa, ujue mgonjwa yuko hatua gani ya ugonjwa na kama kuna kromosomu nyingine zimeharibika. Baada ya hapo ufuatiliaji ndo unahamia kwenye damu.

#16 Tabibu wa Zamu
Sawa kabisa, nyongeza nzuri.

#17 Nyonga Mbovu
Nimeingia kwa sababu ya kichwa cha uzi, maana mimi ni mteja wa hiyo sindano, nina mayeloma. Jina nililojipa humu mnalielewa sasa.

@Kipepeo mwambie mzee ukweli asije akadanganywa kwamba haisikiki. Ganzi inaungua kidogo ikiingia, halafu unasikia kusukumwa, mtu anakuelemea kwa uzito wake wote, hiyo haina maumivu ni kusukumwa tu. Halafu wanakwambia "sasa navuta", hapo ndugu yangu kuna kitu kinakunyonya kutoka ndani ya paja mpaka kwenye kisigino, sekunde chache tu lakini roho inahama ikarudi. Kipande chenyewe ambacho kila mtu anakiogopa kwangu kilikuwa afadhali kuliko kuvutwa. Na ipo siku sikusikia karibu kitu. Mgonjwa yuleyule, nyonga ileile. Kwa nini?

#18 Daktari Mdogo
Kwa sababu ganzi inalala kwenye ngozi na kwenye utando unaofunika mfupa, ndani ya mfupa haifiki. Ukivuta unatengeneza ombwe ghafla mle ndani na hakuna ganzi ya kuzuia hilo. Tofauti ya siku na siku mimi naiweka kwenye subira. Wengine wanapiga ganzi wanachoma papo hapo, ukisubiri dakika chache utando unakufa ganzi vizuri ni mtu mwingine kabisa.

#19 Fundi Slaidi
Nimesimama pembeni ya vitanda vingi nikisubiri slaidi, mimi nasema ni mkono wa mvutaji na idadi ya mivuto. Kila kipimo kinachoongezwa kwenye fomu ni sirinji nyingine. Ya seli za slaidi, ya floo saitometri (mashine ya kutambua aina za seli), ya kromosomu, ya jeni. Mgonjwa wa sirinji moja na mgonjwa wa sirinji nne hawawezi kusimulia hadithi moja.

#20 Mama Pili
Mimi nadhani ni hofu. Yule aliyefanyiwa vibaya mara ya kwanza anakuja amekaza mwili mzima kabla hajaguswa.

#21 Nyonga Mbovu
Mama umenigusa, kuna ukweli. Lakini siku ile nafuu daktari alivuta taratibu sana, mimi naamini ni hilo.

#22 Daktari Mdogo
Kuna wanaofundishwa kinyume chake, kwamba vuta kwa nguvu mara moja imalizike haraka, na uboho unatoka na chembechembe nzuri. Ukivuta polepole muda wa maumivu unarefuka.

#23 Nyonga Mbovu
Waje wavutwe wao kwa nguvu halafu tuongee 😂

#24 Bwana Mashaka
Kwa hiyo mpaka hapa maumivu yana maelezo manne, ukavu maelezo matano. Sayansi hii.

#25 Kipepeo wa Juu
Nimemsomea mzee post ya Nyonga Mbovu, kacheka halafu akasema "angalau huyu hanifichi". Amelainika kidogo. Swali, watamvuta tena au watakata kipande tu? Maana kuvuta si kumegoma? Na kipi kinaanza?

#26 Tabibu wa Zamu
Watajaribu kuvuta tena nadhani, sehemu tofauti kidogo au nyonga ya upande wa pili. Kipi kianze, mimi ni mtu wa kuvuta kwanza. Ukikata kipande kwanza unajaza damu kwenye tundu, halafu unachovuta kinaganda kabla hujafika kwenye slaidi. Na mvuto wa kwanza usizidi nusu mililita, huo ndo wa slaidi. Ukiwa na tamaa ukavuta sana kwa mkupuo, inaingia damu ya kawaida, uboho unachujuka na hesabu inadanganya.

#27 Fundi Slaidi
Hapo kwenye nusu mililita nakupigia saluti, laiti wenzako wote wangesikia. Kuna siku naletewa sirinji imejaa, nyekundu tupu, namwaga kwenye kioo natafuta vile vipunje vya uboho vinavyong'aa mafuta, hakuna hata kimoja, hiyo ni damu kutoka nyonga badala ya mkono. Halafu ripoti ikitoka "seli changa 8%", zile ambazo zikiwa nyingi ni lukemia kali, watu wanashangilia, kumbe zimechujuka.

Ila kwenye mpangilio tunatofautiana. Ukivuta kwanza halafu ukakata palepale, kipande kinakuja kimevurugika, madimbwi ya damu katikati, mpangilio wa seli umekwisha, na mpangilio ndo sababu ya kukata kipande. Kata kwanza, vuta baadaye, tena kwa mgonjwa kama huyu ambaye mvuto umeshashindwa kipande ndo roho ya shughuli.

#28 Tabibu wa Zamu
Si lazima iwe palepale, tundu moja la ngozi, unasogeza ncha sentimita 1 hivi kwenye mfupa, kila kimoja na mahali pake. Shida inakwisha.

#29 Fundi Slaidi
Kwenye kitabu inakwisha. Kwenye hadubini yangu naona wasiosogeza.

#30 Mzee wa Makabrasha
Vijana mnabishana nyonga ya kulia na kushoto, zamani ilikuwa ni kifuani. Mrusi mmoja Mikhail Arinkin, 1927 kule Leningrad, ndiye aliyeonyesha kwamba unaweza kutoboa mfupa wa kifua kwa sindano na kuvuta uboho bila kumpasua mtu. Kabla yake walikuwa wanafungua kwa upasuaji. Halafu 1971 akaja Jamshidi, Muirani aliyekuwa Marekani, akatengeneza ile sindano ambayo mdomo wake umebanwa kidogo kuliko tumbo lake, kipande kikishaingia hakipondeki wala hakikwaruzwi. Hospitali nyingi mpaka leo wakisema "lete Jamshidi" wanamaanisha sindano. Mimi mwenyewe nilivutwa kifuani enzi hizo, na nashauri mzee avutwe kifuani, uboho wa pale ni mwingi.

#31 Daktari Mdogo
Shikamoo mzee, historia safi. Ila ushauri wa mwisho tuuweke pembeni. Kifuani unaweza kuvuta tu, KUKATA KIPANDE kifuani ni marufuku. Ule mfupa ni mwembamba, nyuma yake kuna moyo na mishipa mikubwa, na watu wamekufa kwa sindano kupitiliza. Hata kuvuta siku hizi ni pale nyonga imeshindikana, labda ilipigwa mionzi. Kwa mgonjwa wa mayeloma ambaye mifupa imeoza hata kuvuta tunaogopa. Na watoto wachanga wana mahali pao, mfupa wa muundi.

#32 Nyuki Dume
Mzee wa Makabrasha alitaka kumpeleka mzee wa watu kwenye moyo 😂😂

#33 Mzee wa Makabrasha
Marahaba. Mimi niko hai mpaka leo lakini, nimevutwa na bado nawaandikia.

#34 Kipepeo wa Juu
Wakuu jambo lingine. Chembe sahani za mzee ni 38, na alikuwa anatumia aspirini ya moyo. Anko wangu anasema atavuja damu mpaka afe, ndo sababu mpya ya kugoma.

#35 Tabibu wa Zamu
Chembe sahani kushuka peke yake si kizuizi, wagonjwa wetu wengi wa lukemia ndo hali yao na tunawatoboa. Ni mfupa ulio juujuu, ukimaliza unabana, analalia kidonda kwenye kitu kigumu dakika 15 au zaidi, bandeji ikae kavu saa 24. Tunachoogopa zaidi ni matatizo ya kuganda kwa damu yenyewe, kama hemofilia, au dawa kali za kuyeyusha damu. Aspirini AMWAMBIE daktari kabla, asiache mwenyewe kimyakimya.

Kuna takwimu za Uingereza zilizochapishwa 2003, zilikusanya karibu sampuli 55,000, matatizo makubwa yakawa 26. Zaidi ya nusu ya hayo ni kuvuja damu, na mmoja alifariki. Kwa hiyo anko hajatunga, ila kapima vibaya.

#36 Bwana Mashaka
26 kwa 55,000, sawa hapo nimenyamaza. Kidogo.

#37 Jicho la Tatu
Na zile sindano za mota? Nimesikia kuna mashine ya betri inatoboa kama drili, sekunde kadhaa kwisha. Mzee akafanyiwe hiyo.

#38 Daktari Mdogo
Ipo, nimeitumia. Kipande kinatoka kirefu na mkono hauchoki, mfupa mgumu ndo utaipenda. Wagonjwa wengine wanasema afadhali, wengine ule mlio unawatisha kuliko sindano yenyewe.

#39 Fundi Slaidi
Na mimi napokea vipande vyake, virefu kweli, ila vingine kingo zimesagika vumbi la mfupa limejaa katikati ya seli. Sentimita 2 zilizokatwa kwa mkono mtulivu nazipenda kuliko 3 za mota.

#40 Jicho la Tatu
Fundi wewe hakuna kinachokufurahisha.

#41 Fundi Slaidi
Nusu mililita inanifurahisha.

#42 Kipepeo wa Juu
Habari mpya wakuu. Mzee kakubali, kafanyiwa. Mama Pili asante kwa maombi. Safari hii kaja daktari mkubwa mwenyewe, na yeye kavuta, TUPU. Sirinji imerudi kavu mbele ya macho yangu. Kipande kimetoka vizuri, nimekiona, chembamba kirefu kama cha kalamu ya risasi. Wakakiviringisha juu ya vioo kadhaa kabla ya kukitia kwenye chupa. Sasa wanasema majibu wiki au zaidi. Kwa nini muda wote huo?

#43 Daktari Mdogo
Bwana Mashaka uko wapi, nadharia ya kijana mdogo imefia hapo.

#44 Bwana Mashaka
Haijafa, imeumia. Wote wawili wanaweza kukosea, walifundishwa shule moja.

#45 Fundi Slaidi
@Kipepeo kile kuviringisha ndo ujanja wa mvuto mkavu, seli zinabaki kwenye kioo, unapaka rangi unaziona siku ileile hata bila mvuto. Kama unaweza kawaulize hizo slaidi za kuviringisha zinasema nini, usisubiri wiki.

Kipande chenyewe kinachelewa kwa sababu ni mfupa, huwezi kuukata vipande vyembamba ukiwa mgumu. Kinalala kwenye fomalini, halafu lazima chokaa iondolewe, ndipo kinakwenda kwenye nta, kinakatwa, kinapakwa rangi. Rangi ya nyuzi, rangi ya madini ya chuma, halafu rangi za kingamwili za kutambua seli moja moja, na kila daktari akiona kitu anaomba rangi nyingine.

#46 Nyuki Dume
Swali la nje kidogo, mimi nimejiandikisha kuchangia uboho, nao wanakata kipande hivi?

#47 Tabibu wa Zamu
Hapana, kuchangia ni kitu kingine. Wengi siku hizi wanachomwa dawa inayotoa seli mama kwenye damu, halafu zinakusanywa mkononi kwa mashine. Wanaotolewa nyongani wanalazwa usingizi na inavutwa nyingi, hakuna kipande. Na uboho unarudi wenyewe ndani ya wiki chache.

#48 Jicho la Tatu
Mimi bado nasumbuliwa na kitu kimoja. Sentimita 2 za nyonga moja zinasemaje habari za mwili mzima? Kama ugonjwa uko mguuni?

#49 Daktari Mdogo
Swali zuri na halina jibu moja. Lukemia kali inasambaa kote, popote utakapotoboa utaikuta, pale hesabu ndo ngumu. Zamani kwa mpango wa 1976 wa kupanga aina za lukemia, lukemia kali ya mayeloidi ilihitaji seli changa 30%, Shirika la Afya Duniani (WHO) likashusha hadi 20% mwaka 2001, na kuna aina zenye jeni fulani siku hizi hazisubiri hata hiyo 20. Unaona mtu wa 19% na 21% wanavyoweza kutengana kwa sababu ya mvuto uliochujuka tu.

Mayeloma na limfoma ndo zinakaa viraka viraka. Unaweza kukata hapa ukakuta 5%, ukasogea ukakuta 40%. Limfoma walikuwa wanakata nyonga zote mbili kwa sababu hiyohiyo.

#50 Nyonga Mbovu
Mimi ndo huyo. Nyonga ya kushoto walisema afadhali, ya kulia wakasema hapana. Nikauliza nikae upande gani.

#51 Kipepeo wa Juu
Wakuu ripoti ya awali imetoka. Naandika ilivyo: kipande sentimita 2.1, nyuzi zimeongezeka kwa kiasi kikubwa, kuna mikusanyiko ya seli za limfu, wanasubiri rangi za kingamwili kutofautisha. Daktari hakutaka kusema jina.

#52 Fundi Slaidi
Nyuzi! Nilisema post ya #4.

#53 Tabibu wa Zamu
Fundi taratibu. Seli zenye nywele nazo zinatengeneza nyuzi, ndo sababu hazivutiki. Nyuzi pamoja na seli za limfu, na monosaiti 0.1, mimi bado niko kwenye #5.

#54 Fundi Slaidi
Na mayelofibrosisi inaweza kuwa na vijikundi vya limfu pembeni. Na matone ya chozi utayaweka wapi?

#55 Daktari Mdogo
"Chache" Fundi, kaandika chache. Nyuzi zozote zinatoa machozi machache. Tungoje CD20 na aneksini A1, zile rangi za kingamwili za kutambua seli zenye nywele.

#56 Bwana Mashaka
Angalau wote mnakubali kwamba sindano haikuwa na kosa, hilo limeniuma.

#57 Kipepeo wa Juu
Kuna mtu kaniambia kuna kipimo cha jeni kinamaliza ubishi, nimwombe daktari? Na kwa kuwa mvuto umegoma watakipima kwenye nini, kile kipande?

#58 Tabibu wa Zamu
Vipo viwili. Seli zenye nywele karibu zote zina badiliko la jeni liitwalo BRAF V600E. Mayelofibrosisi kama nusu au zaidi kidogo zina badiliko la jeni ya JAK2, zilizobaki nyingi zina la jeni ya CALR au MPL. Ikitoka BRAF umejua, ikitoka JAK2 umejua, zikitoka zote hasi tunarudi hapa kubishana.

#59 Fundi Slaidi
Muulize chokaa kwenye kipande waliondoa kwa asidi au kwa kemikali iitwayo EDTA. Asidi kali ni ya haraka ila inaunguza DNA, hapo kipande kinafaa kwa macho lakini kwa jeni ni bahati nasibu. EDTA ni ya polepole inaitunza. Kama walitumia asidi usikate tamaa, JAK2 inapimwa kwenye damu ya mkononi vizuri tu, BRAF nayo wajaribu damu wakiona seli zinazunguka humo. Na kama zile slaidi za kuviringisha bado zipo zisitupwe, seli zake zinaweza kukwanguliwa zikapimwa.

#60 Bwana Mashaka
Damu ya mkononi?? Rudieni #13 wote mniombe radhi.

#61 Kipepeo wa Juu
😂 Nimeandika yote kwenye karatasi, asidi au EDTA, slaidi za kuviringisha, JAK2, BRAF. Mzee anauliza kama Nyonga Mbovu anapatikana humu kila siku, anataka kumuuliza alilaliaje ule upande wenye kidonda.

#62 Nyonga Mbovu
Mwambie chali kwanza, halafu upande wa pili, na paracetamoli kabla ya kulala. Aspirini asiiguse mpaka daktari aseme. Nipo.